Gari Lililozaa Kalangalala

Kwa muda mrefu nimekana kwamba niliyasema maneno yale. Nimekana mbele ya wakwe zangu, mbele ya mume wangu, na mara moja mbele ya mchungaji, ambaye hakuwa hata ameniuliza. Niliyasema. Nilisimama uwanjani kwa shemeji yangu Luhende, kadamnasi ya majirani zake, nikamkabidhi ufunguo wa gari langu na kutamka: "Ng'ombe ni wangu, maziwa ni yako." Watu wakacheka. Nikajiona mjanja.

Ninyi marafiki mlioniuliza ni nini kilichonikalisha Geita muda wote ule, habari inaanzia kwenye kicheko hicho.

Mimi si Msukuma. Ni Mluguru wa milimani niliyeolewa Shinyanga, nikafundisha huko, nikazeekea huko kwa kiasi. Nilipopata nafasi ya kurudi Chuo Kikuu Dar es Salaam kwa miaka miwili, katika umri ambao wenzangu wanapata wajukuu, sikutaka kigari changu kioze barazani. Mume wangu, Baba Neema, haendeshi wala hataki kujifunza. Basi nikakipeleka Geita, mtaa wa Kalangalala, kwa mdogo wake Luhende.

Ng'ombe wameingiaje? Msukuma mwenye ng'ombe wengi haweki wote zizi moja. Wengine huwapeleka kwa ndugu au rafiki wa mbali, ili ugonjwa au wezi wakija wasimalize mali yote. Mtunzaji anakunywa maziwa na kutumia samadi. Ng'ombe, na ndama watakaozaliwa, ni wa mwenyewe. Desturi hiyo niliwahi kuiandikia makala ndefu gazetini, yenye maneno kama "mfumo wa kijadi wa kugawana hatari". Nilidhani mtu akishaandika makala juu ya jambo anaruhusiwa kulitania.

Shinyanga hadi Nyasubi

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar, sijamaliza hata kufungua masanduku, dereva wa lori la mashudu aliposimama mlangoni. Anaitwa Kulwa.

"Mama Neema, shikamoo. Shemeji yako anasema uje uone mali yako."

"Marahaba. Nione? Imefanya nini?"

"Hakusema. Alisema tu usikae."

Mtu anayekutumia ujumbe uje uone mali yako, nilivyojua mimi, anataka uione kabla haijazikwa. Nilimtazama Baba Neema. Yeye ni mtunza ghala katika kiwanda cha kuchambua pamba, na kwa siku hutumia maneno machache, kana kwamba analipia telegramu. Akanifungia viazi vitamu kwenye kitambaa. Hayo ndiyo yalikuwa maoni yake.

Nilipanda mbele kwa Kulwa. Tulikuwa katika msimu wa mvua, na udongo mweusi wa huku ukilowa haumwachii mtu kitu alichokanyagia. Kulwa alinifariji njia nzima kwa kunitajia magari aliyoyaona yamekufa upande wa Geita: moja lilivunjika mgongo, moja lilizama mtoni hadi kwenye vioo, moja lilikutwa halina injini na mwenyewe amelala ndani.

"Lakini lako ni dogo, Mama Neema. Likivunjika halitasikika sana."

Mjini Kahama tuliingia jioni. Akanishusha Nyasubi, sokoni, nikala michembe, vile viazi vilivyokaushwa na kupikwa na karanga, hadi hofu ikapata pa kukalia. Asubuhi nikaenda dukani kwa Mama Shirin kupiga simu. Mama Shirin anauza vipuri vya baiskeli na matairi. Babu yake alitoka Gujarati akafungua duka hapo hapo, na yeye anasalimia wateja kwa Kisukuma kabla hawajafika kaunta.

"Mwangaluka, mayu! Geita? Laini ya Geita imekufa tangu mvua ianze. Ya Shinyanga ipo. Unataka ya Shinyanga?"

"Nimetoka Shinyanga jana."

"Basi hujakosa kitu," akasema, akaendelea kuhesabu spoku.

Nyasubi hadi Kalangalala

Kutoka Kahama nilipata nafasi nyuma ya pikapu ya wachimbaji. Nilikaa juu ya gunia la unga, sura nimeikaza, mkoba wa ngozi mapajani, mfano kamili wa mtu anayetaka ajulikane kuwa amesoma. Baada ya Kakola tulikwama. Tukasukuma. Tukakwama tena. Mchimbaji mmoja, mwenye kofia ya plastiki iliyopasuka, aliniuliza ninakwenda kwenye duara gani. Duara kwao ni shimo la dhahabu.

"Nakwenda kwa Luhende, Kalangalala. Nafuata kigari changu."

Pikapu nzima ikageuka.

"Kale kafupi? Ka milango mitatu?" akasema. "Mama, kale ni mbuzi! Kanapita magari makubwa yalipolala. Mimi mwenyewe kalinibeba na homa kutoka Bukoli."

Nilianza kupumua. Basi kilikuwa hai.

"Ila sasa ana mawili," akasema mwingine, akishusha sauti. "La pili jipya, linang'aa. Kalifungia uani, halitoki. Watu wanajiuliza."

"Wanajiuliza nini?"

"Aa, mama. Hapa ni machimboni. Mtu akipata ghafla, akaficha, wanasema ndagu."

Ndagu ni dawa ya utajiri. Husemwa kwamba anayeitumia hulipa kwa kitu kibaya: mtoto, akili, au nduguye. Nikacheka, nikasema hayo ni mambo ya kale. Hakuna aliyecheka nami, nikajikuta ninajikuna mahali ambapo hapakuwasha.

Tulifika Geita tukiwa na rangi moja sote. Luhende alikuwa mlangoni, mrefu, kofia mkononi.

"Shikamoo, shemeji. Karibu. Njoo uone."

Uani, chini ya kibanda cha mabati, yalikuwepo magari mawili. Moja lilikuwa langu: kisanduku kifupi, rangi ya kijani imekwaruzwa, bampa limefungwa waya, harufu ya dagaa unaisikia kabla hujafika. Pembeni yake lilisimama jingine, la mviringo, jeupe, milango mitano, viti bado vimevikwa nailoni.

"Mali yako hiyo," akasema. "Mama na mtoto."

"Mtoto gani, Luhende?"

"Si huyu unayemwona? Mama amefanya kazi. Amebeba dagaa, amebeba wachimbaji, amebeba maharusi wawili na maiti mmoja. Sisi tumekunywa maziwa, tumeshiba. Kilichozidi nimekiweka, kikamzaa huyu. Sasa awe wa nani mwingine?"

Hapo ndipo nilipoyasikia maneno yangu yakirudi, nami nikasema kwa mara ya kwanza kwamba sikuyasema. Majirani walikwishaanza kuingia. Walikuwapo siku ile, walikumbuka hata nguo niliyovaa. Mzee Shija, anayekaa nyumba ya pili, alichuchumaa akapapasa tairi la lile jeupe kama anayetazama meno.

"Miguu ni ya mama," akatoa hukumu. "Uso sijui kautoa wapi."

"Mama yake alipita Dubai, Mzee Shija," akasema jirani mmoja mwanamke. "Huko nani anajua?"

Kicheko kilipopoa wakanitaka nitoe ukoo, maana ndama hapokelewi bila ukoo. Na ukoo niliujua. Magari haya mawili yanatoka kiwanda kimoja cha Japani, na bibi yao nilimpanda mimi mwenyewe nilipokuwa binti: kigari cha bwana pamba, paa la turubai, milango ya bati isiyo na vioo, benchi mbili nyuma ambako abiria walitazamana na kugongana magoti. Hakikujua neno starehe, lakini kilipanda mlima kama mjusi. Miaka ya themanini akazaliwa huyu wangu. Walimwezekea paa la chuma, wakampa vioo na viti vya kitambaa, na kwa kuwa wangu alitengenezwa kwa nchi za baridi, ana hata kitufe cha kupasha kiti moto, ambacho Shinyanga nimekibonyeza mara moja tu, kwa bahati mbaya, mwezi wa Oktoba. Sasa huyu wa tatu. Kiwanda kilikuwa kimegundua wanunuzi wapya, watu wa mjini wanaotaka kukaa juu kama wakulima na kulala kama mabwana. Kila kizazi kiliongezewa nyama.

"Mbona jina la nyuma si moja?" aliuliza Mzee Shija.

Nikamweleza: gari hilo hilo kwao linaitwa hivi, likipelekwa nchi nyingine linabandikwa jina jingine, kadiri ya soko.

"Aa, hata mimi Mwanza naitwa Jumanne," akasema, akaridhika.

Mimi nikasema nitachukua langu tu, la kijani. Jipya ni jasho lao, wabaki nalo.

Luhende akavaa kofia, kisha akaivua tena.

"Shemeji, ukimchukua mama ukamwacha ndama, unasema nini? Unasema umemtazama ukaona si wa zizi lako. Basi ametoka wapi? Hapa Geita, swali hilo likishaulizwa, mimi nimekwisha."

Nikalitazama gari jeupe, nikawakumbuka wale wa kwenye pikapu. Nikilikataa, ninawathibitishia watu kwamba shemeji yangu ana ndagu. Nikilikubali, ninaondoka na magari yote mawili na kumwachia kibanda kitupu. Nina shahada mbili. Nikaomba maji ya kunywa.

Kalangalala hadi Nkome

Kesho yake mke wa Luhende, Mama Kwangu, aliniambia, "Twende Nkome. Ukaone maziwa yanakokamuliwa."

Akashika usukani yeye. Nilidhani Luhende ndiye dereva.

"Luhende ni jina," akasema. "Kwenye matope ni mimi."

Ni mwanamke mfupi, anakalia mto ili aone mbele. Palipo na utelezi alivuta kigia kidogo cha pembeni, kile kinachoyaamsha magurudumu yote manne, na kigari kikatambaa bila hasira. Nami nilipokuwa nacho Shinyanga kigia kile nilikitumia kuning'inizia mkoba.

Nkome ziwa lilikuwa limetulia, dagaa wameanikwa juu ya nyavu hadi mchanga hauonekani. Mama Kwangu alitembea katikati yao akiwachukua wachache wachache, akivunja, akinusa.

"Hawa wamelowa, baba. Unaniuzia maji?"

"Mama Kwangu, huo ni umande tu."

"Umande umetoka wapi saa nne? Nipe wale wa kule. Na usinitazame hivyo, leo nimekuja na mwenye gari, nina haya."

Baada ya kupakia tulikula sato kwa ugali wa muhogo kwenye banda la mama lishe. Hapo ndipo aliponiambia. Kabla ya kigari, alikuwa akisubiri malori. Mvua ikinyesha lori haliji, na dagaa waliolowa hata bata hawataki. Sasa analeta mzigo ukiwa mkavu, wachimbaji wananunua siku hiyo hiyo, na Kwangu, binti yake mkubwa, yuko sekondari ya bweni.

"Ukiondoka na yote mawili," akasema, akitoa mwiba mdomoni, "mimi narudi kukaa barabarani."

"Mama Kwangu, nakuonea..."

"Usinionee huruma. Huruma haina magurudumu. Nitafutie njia ambayo Luhende hataaibika."

"Njia ipi?"

"Wewe si ndiye uliyeandika gazetini? Mtunzaji akitunza vizuri, mwenye ng'ombe anamshukuru. Anampa ndama."

Nilitaka kumkumbatia, na mikono yangu ina mafuta ya samaki. Makala yangu haikuwa na kipengele hicho.

"Basi ndama ni wenu! Nimewapa! Mimi naondoka na mama."

Yeye hakufurahi kama nilivyotegemea. Alitazama kigari cha kijani kilivyoegeshwa kando ya mitumbwi.

"Yule mweupe hajafika hapa hata mara moja," akasema. "Luhende hataki achafuke. Sijui kazi yake ikoje."

Kalangalala hadi Nyasubi tena

Luhende aliupokea mpango huo, kwa sharti moja: kwanza mama na mtoto wafike Shinyanga, kaka yake awaone kwa macho. Ndipo apewe ndama kama shukrani yake na kurudi naye, mchana, watu wakitazama. Tukaondoka msafara: yeye katika lile jeupe, nailoni zimetolewa kwa heshima ya safari, mimi na Mama Kwangu nyuma katika lile la kijani. Mpaka Bukoli alituacha mbali. Nilianza kuona wivu.

Mbele ya Bukoli mvua ilikuwa imepita asubuhi. Tulimkuta amesimama katikati ya njia, au tuseme amekaa. Magurudumu ya mbele yalizunguka yakirusha tope. Ya nyuma yalitulia kama wageni wasioitwa kazini.

"Vuta kigia!" Mama Kwangu akapiga kelele.

"Kigia gani?"

Nikaingia ndani kusaidia. Nilitafuta pembeni, nikatafuta chini ya kiti, nikatafuta hata kwenye kisanduku cha dashibodi. Hapakuwa na kigia kidogo. Hapakuwa na nafasi yake hata. Mbele ya kiti palikuwa na shimo zuri la kuwekea kikombe. Ndipo nikaelewa: kwa masoko ya lami walilitengeneza jingine, la nje sawasawa na nduguze, la ndani linasukumwa na magurudumu mawili. Sura ya mamaye lilikuwa nayo. Mgongo hapana.

Luhende alishuka, akasimama ndani ya tope na suruali yake nzuri. Miaka miwili ya kuweka akiba, na muuzaji wa Dar alimwambia ni ukoo uleule. Hakudanganya.

Mama Kwangu akafunga kamba, akapanda juu ya mto wake, akavuta kigia, na mama akamburura mtoto hadi penye kokoto. Waendesha baiskeli wawili walisimama kutazama.

"Wabeja, ng'ombe!" mmoja akalishukuru lile la kijani. Na kweli lilistahili.

Nilikaa pembeni ya barabara nikivua viatu, na kwa mara ya kwanza katika safari ile nikapata wazo kabla ya mtu mwingine.

"Luhende. Huyu mweupe atanifaa mimi. Shinyanga mjini, nyumbani hadi shuleni, shuleni hadi sokoni. Nampokea, mbele ya watu wote. Ninyi bakini na mama. Shukrani yenu ni yeye."

Mama Kwangu aligeuza uso upande wa mashamba. Niliona tu bega lake.

"Haiwezekani, shemeji," Luhende akasema taratibu. "Mtunzaji anapewa ndama. Mama hatolewi. Nikibaki na mama, watasema nimemeza ng'ombe wa kaka."

"Ng'ombe ni wangu, si wa kaka. Nimemnunua kwa mshahara wangu."

"Najua. Lakini zizi lina mwenyewe. Kaka akisema, nitapokea. Bila kaka, siwezi."

Ninyi mnanijua. Nimehutubia makongamano kuhusu mali ya mwanamke. Nilikuwa na majibu matatu tayari, moja likiwa na tanbihi. Kisha nikamtazama Mama Kwangu, ambaye alikuwa ameanza kukunja kamba, polepole mno kwa mtu mwenye haraka kama yeye.

"Tukampigie," nikasema.

Tuliingia dukani kwa Mama Shirin tukidondosha matope. Alituangalia, akasogeza kalenda mpya zisichafuke.

"Mwadila! Sasa unataka ya Shinyanga?"

"Sasa nataka."

Alipiga kiwandani, akangoja, akamwitisha Baba Neema kutoka ghalani. Luhende alivua kofia kabla ya kushika mkono wa simu.

"Shikamoo, kaka." Akasimama wima, akaeleza yote kwa sauti ya barazani: mama, ndama, tope, kigia kisichokuwepo, na jambo lisilo la kawaida ambalo shemeji analitaka. Wateja wawili waliokuja kununua mipira ya baiskeli wakaacha kununua. Kisha akasikiliza.

"Anasema nini?" Mama Kwangu akauliza.

Luhende akafunika simu kwa kiganja. "Anauliza ni nani aliyenikabidhi."

"Mjibu," nikasema.

"Ni shemeji, kaka. Ndiyo. Kwa mkono wake." Akasikiliza tena. Nikaona uso wake unalegea kidogo kidogo, kuanzia kwenye paji. Akaninyooshea simu.

"Anasema basi nimwulize mwenye zizi. Anasema yeye ghalani kwake ana pamba tu."

Nilishika simu. Nilikuwa nimejiandaa kubishana, sikuwa nimejiandaa kwa hili.

"Baba Neema?"

"Wanakungoja," akasema.

Nikageuka. "Mama Kwangu," nikasema, na sauti haikuwa ile ya makongamano, "mama nimewapa. Ni wenu, na watakaozaliwa ni wenu. Ndama nimempokea, naondoka naye leo."

Luhende aliinama na kupiga makofi mawili ya taratibu, kama wanavyopokea wazee. Mama Kwangu hakuinama. Alitazama huku na huku dukani.

"Shahidi yuko wapi?"

"Mimi nipo," akasema Mama Shirin nyuma ya matairi.

"Na mimi nimesikia," akasema Baba Neema ndani ya simu.